Kikao cha familia chini ya mvinje: mwongozo kwa mshauri anayeanza Mombasa

Maswali ya washauri wanaotaka kufanya kikao cha familia nje ya ofisi ni yale yale. Nikiwatoa watu ofisini, niwapeleke wapi? Jirani yao akitukuta ufuoni nimwambie nini? Mvua je? Na lile linaloulizwa kwa sauti ya chini: huku si kutembeza watu tu, kisha tukaita tiba? Nimeyajibu kwenye simu na kwenye vikao vya usimamizi mpaka nikaona afadhali niyaandike mahali pamoja. Mwongozo huu ni wako wewe mshauri nasaha, mwanasaikolojia au afisa wa ustawi wa jamii ambaye tayari umesomea kazi ya familia na umesajiliwa kwa mujibu wa Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya mwaka 2014. Kama hujasomea, bahari haitakusomea.

Shika jambo moja kabla ya mengine. Familia haiendi nje kuangalia mandhari. Inakwenda kufanya kazi ndogo pamoja, wewe unatazama wanavyoifanya, na mazungumzo yanafuata baadaye. Ukikosa kazi hiyo, umewapeleka kupunga upepo. Ni jambo jema, ila hawakuhitaji kukulipa.

Nadharia nitakupa kidogo tu. Mwaka 1984 Roger Ulrich alichapisha utafiti kuhusu wagonjwa waliopasuliwa nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania, Marekani. Waliolala vyumba vyenye dirisha linaloangalia miti walitoka mapema kidogo na walihitaji dawa kali za maumivu chache kuliko walioangalia ukuta wa matofali. Utafiti huo hutajwa sana, lakini ulihusu mgonjwa mmoja mmoja kitandani, si baba na binti wasiosemezana. Usiuze zaidi ya ulichonacho. Unachoweza kuahidi ni hiki: nje watu hawalazimiki kutazamana machoni, mikono ina shughuli, na nani huongoza, nani hungoja, nani husahauliwa nyuma, huonekana waziwazi.

Nani abaki ndani kwanza

Pale ambapo mtu anapiga wenziwe nyumbani, usifanye kikao cha pamoja, nje wala ndani, mpaka usalama upatikane. Namba ya 1195 hupokea simu za ukatili wa kijinsia na 116 ni ya watoto. Ziwe kwenye simu yako. Mtu mwenye mawazo ya kujiua apimwe na kushughulikiwa kwanza. Aliye kwenye arosto ya unga, yaani anayeteseka kwa kukosa heroini, hafai kutembezwa juani. Na kabla ya kutaja ufuo wowote, uliza kama familia imewahi kumpoteza mtu majini. Mji huu una nyumba ambazo bado zinahesabu waliokufa katika ajali ya feri ya Mtongwe, Aprili 1994, na nyumba za wavuvi ambao hawakurudi.

Vitu vya kuwa navyo

- Fomu ya ridhaa yenye kifungu kinachotaja kikao cha nje, mahali pake na hatari zake. Kila mtu mzima atie sahihi, na mtoto aulizwe kwa maneno anayoyaelewa.
- Mikeka miwili. Viti vya plastiki hugeuza kikao kuwa harusi.
- Maji ya kunywa ya kutosha, na kitu kidogo cha mtoto kutafuna. Ramadhani, ondoa hiki na upange upya saa zako.
- Mfuko wa huduma ya kwanza: bandeji, dawa ya kuosha kidonda, kibano cha kutolea miiba.
- Jedwali la maji kujaa na kupwa la Kilindini, au namba ya mvuvi unayemwamini.
- Nauli. Mkubaliane mapema nani analipa matatu au tuktuk. Familia nyingi huacha kuja kwa sababu ya nauli na hazisemi.
- Mahali pa pili, penye paa, karibu na pale pa kwanza.

Waambie wavae viatu vya kufunga. Champali kwenye miamba ya pwani ni njia ya kwenda kushonwa.

Hatua ya 1: Anzia ofisini

Kikao cha kwanza, hata cha pili, kiwe ndani. Chora nasaba yao, sikiliza malalamiko, jua nani ana pumu, presha, sukari au goti bovu. Kisha muulize kila mmoja, mtoto akiwemo, maswali mawili: nje unapenda wapi, na wapi hukanyagi?

La pili lina uzito zaidi. Utasikia kuhusu mtoto aliyewahi kumeza maji Nyali. Utasikia kuhusu kijana ambaye ufuo fulani ni kijiwe cha watu anaowakwepa. Utampata bibi ambaye hakai chini ya mbuyu, na jua likianza kutua hataki hata kuupita. Usibishane naye kuhusu majini na mashetani, wala usimcheke moyoni, maana wajukuu wanakutazama. Mibuyu ya Mama Ngina, ile bustani ya kando ya bahari, haihami. Tafuta mwarobaini mkae.

Hatua ya 2: Chagua lengo, ndipo uchague mahali

Wanaoanza hupenda mahali kwanza, halafu wakatafuta familia ya kupapeleka. Geuza. Andika lengo moja kwa sentensi moja, mfano "baba na binti waweze kuzungumza dakika kumi bila mama kutafsiri," kisha uangalie.

Kwa mzazi na kijana wasiotazamana, njia ya miguu ndiyo dawa. Njia za msituni Bamburi, kwenye machimbo ya zamani yaliyopandwa miti, zina kivuli na hazina muziki. Ulizia kwanza kama ziko wazi siku hiyo na kiingilio ni kiasi gani.

Kwa familia zilizovunjika zikaungwa upya, mzazi wa kambo, mtoto wa kulelewa, yatima aliyechukuliwa na shangazi, mimi huipenda Haller Park, na si kwa ajili ya twiga. Pale palikuwa machimbo ya kampuni ya saruji: jiwe tupu, jua, maji ya chumvi chini. Mwaka 1971 René Haller alianza kujaribu miti, na mvinje ukakubali. Lakini majani yake yalianguka yakakaa tu, hayaozi, udongo haupatikani, mpaka walipoletwa jongoo wakayala. Jongoo ndio waliofanya udongo. Mtoto wa miaka tisa akisikia hivyo hukaa chini kutafuta jongoo, na hapo una kazi tayari.

Pana pia kisa cha Owen, mtoto wa kiboko aliyeokolewa baharini baada ya tsunami ya Desemba 2004, akaletwa pale na kujibanza kwa kobe mzee aliyeitwa Mzee. Watoto wanakijua. Wanachosahau watu wazima kukisimulia ni kwamba baadaye Owen aliwekwa na kiboko mwenzake. Ukiwa na mtoto wa kulelewa, usiikate sehemu hiyo ili kisa kiwe kitamu. Mwachie aulize.

Mama Ngina panafaa kwa kikao kifupi cha kukaa, asubuhi, meli zikiingia Kilindini. Jioni pana mihogo, watoto wa baiskeli na nusu ya mji. Ufuo wa Pirates siku ya Jumapili au sikukuu usiufikirie kabisa.

Na kuna ua wa nyumba. Bibi asiyeweza kutembea, au familia ya Mji wa Kale inayoona haya kuonekana na mshauri, haina haja ya kutoka. Chungu cha mrehani na mti wa asumini vinatosha.

Hatua ya 3: Soma maji

Hapa ndipo wageni wa kazi huumbuka. Bahari yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa kama dakika hamsini. Zidisha kwa siku saba: ukipanga kikao kila Jumanne saa kumi alasiri, wiki hii utakuta maji yamekupwa na ufuo mpana, wiki ijayo utakuta yamejaa na hakuna mahali pa kutandika mkeka. Panga kila baada ya wiki mbili, au ubadilishe saa.

Siku za bamvua, mwezi ukiwa mchanga au mpevu, maji hupanda zaidi ya mita tatu, na huku kwetu hujaa alasiri, saa ile ile ambayo kila mtu anataka kikao. Maji mafu, yale ya siku za katikati ya bamvua moja na nyingine, ni rafiki wa anayeanza, kwa kuwa hayaendi mbali na hayarudi kwa kishindo. Vyovyote vile, kikao cha ufuoni kianze maji yakiwa yanakupwa. Maji yanayojaa hukatisha maneno, na hufunika njia ya kurudia mahali penye miamba.

Msimu nao uangalie. Aprili na Mei ni masika. Panga vikao vya ndani na uani. Januari hadi Machi, kaskazi ikivuma, joto huchosha wazee kabla ya saa nne asubuhi. Kusi huleta baridi nzuri, pamoja na mchanga machoni na mwani uliorundikana ufuoni.

Hatua ya 4: Nenda peke yako kwanza

Siku ile ile ya wiki, saa ile ile. Tafuta kivuli kitakavyokuwa baada ya saa moja, si kilivyo sasa. Tafuta choo, maana mama mwenye mtoto mdogo hatasikiliza neno lako bila choo. Angalia msikiti ulio karibu, mtu apate kuswali alasiri asirudi na haraka. Zungumza na askari wa mahali na vijana wanaouza mchangani; waambie siku fulani utakuwa na wageni wako pale na hawatanunua kitu. Salamu ya dakika tano leo itakuokolea mlolongo wa wauza vinyago kesho.

Hatua ya 5: Mkubaliane kuhusu siri

Mombasa ni ndogo. Mtakutana na mtu. Kabla ya kutoka, familia iamue yenyewe itasema nini. Jibu ambalo halijawahi kuharibika ni "tumetoka kupunga upepo," na si uongo. Wewe usivae beji, usibebe faili, usipige picha hata wakikuomba kwa simu yao. Mkubaliane ishara: mtu akikaribia, mazungumzo yanahamia samaki na bei ya nazi mpaka apite. Mambo mazito, kama ya ndoa au ugonjwa, yabaki ofisini. Waambie hivyo waziwazi. Maelezo unayoandika baadaye yanalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 sawasawa na yale ya ofisini, kwa hiyo usiyaandike kwenye daftari utakalolisahau kwenye tuktuk.

Hatua ya 6: Kufika

Fika kabla yao, tandika mkeka. Amkia mkubwa kwanza, "Shikamoo bibi," kisha umwombe afungue, kwa dua au kwa neno lake. Hilo linampa heshima yake mapema, hatakuwa na sababu ya kuipigania katikati ya kikao. Onyesha mpaka: mtoto asipite mti ule, asiguse maji bila mtu mzima. Mtaje mtu mzima huyo kwa jina. Kisha wakae kimya dakika tatu, kila mmoja ahesabu sauti anazosikia. Tatu zinatosha. Wanaoanza hutaka kumi, na familia yenye hasira haikai kimya dakika kumi.

Hatua ya 7: Wape kazi moja

Chagua moja kati ya hizi. Moja tu.

*Ramani ya mchanga.* Kwenye mchanga wenye unyevu, familia ichore nyumba yao pamoja, kisha kila mtu aweke kombe au kijiti kwa ajili ya kila anayeishi humo, aliyehama na aliyefariki pia wakitaka. Sema hivyo tu, urudi nyuma. Tazama nani ameshika kijiti cha kuchorea, nani amejiweka mlangoni, nani hakuwekwa na mtu yeyote. Binti wa miaka kumi na tano aliyekaa kimya ofisini wiki tatu atasogeza kombe la baba yake karibu na televisheni bila kusema neno, na baba ataliona. Usiliseme wewe. Makombe yarudishwe yalipotolewa. Pwani ya Nyali na Bamburi inapakana na hifadhi ya bahari, hayachukuliwi kuwa kumbukumbu. Na mkubaliane mapema nini kitafanyika kwa ramani: kufutwa kwa mikono yao au kuachiwa maji. Mtoto aliyezoea kuondokewa akiona nyumba inachukuliwa na wimbi bila kuandaliwa atalia, na atakuwa na haki.

*Kutembea wawili wawili.* Kwenye njia ya msitu, wawili mbele, wawili nyuma, kubadilishana kila baada ya muda uliopanga. Kila jozi ina swali moja jepesi: "nini umekiona leo ambacho mwenzako hajakiona?" Wewe tembea nyuma ya wote. Anayetembea polepole kuliko wote ndiye anayepanga mwendo; itangaze sheria hiyo mwanzoni, kisha uone nani anaivunja.

*Kutunga asumini.* Hii ni ya uani. Vitumba huchumwa alasiri vikiwa bado vimefumba, vikatungwa kwa uzi, na vikafumbua usiku. Bibi amfundishe mjukuu, mama asiingilie kati. Kutoingilia kwa mama ndiyo kazi nzima. Nimeona vidole vya wazee vikisema mambo ambayo midomo ilikataa.

Kupanda mikoko huulizwa sana, kwa hiyo niseme. Usiwapeleke watu Tudor au Mtwapa na miche mkononi bila kikundi cha wenyeji wa pale. Kila mti wa mikoko una eneo lake: mlilana hukaa mbele kwenye maji, mkandaa nyuma zaidi, ukipanda pasipo pake hufa. Familia iliyofiwa haihitaji mche wa kumbukumbu ambao wataukuta umekauka.

Hatua ya 8: Sasa zungumzeni

Kaeni kwenye mikeka, mkiangalia upande mmoja, si duara. Anza na kilichoonekana: "Nimeona kijiti kilipita kwa watu watatu. Kilikuwaje mkononi mwako?" Kisha: "Nyumbani hutokea hivyo pia?" Kisha: "Wiki hii mngependa kifanyike tofauti wapi?" Hayo matatu ni kikao kizima.

Ugonjwa mkubwa wa anayeanza ni kuhubiri mfano. Wimbi likija anasema maisha ni wimbi, mti ukiinama anasema familia ni mti. Nyamaza. Mfano wakiuona wao watautumia mwaka mzima. Ukiwapa wewe wataitikia "ndiyo mwalimu" na kusahau kabla ya kuvuka daraja la Nyali. Kosa la pili ni kumwacha mtu mzima mmoja ageuke mshauri msaidizi wako. Kila familia inaye. Mpe mtoto wa kumchunga.

Hatua ya 9: Funga, kisha wape kazi ya nyumbani

Funga ukiwa na dakika kumi kabla ya kukunja mikeka, na ukiwa na muda wa kutosha kabla ya magharibi. Kila mtu aseme jambo moja analoondoka nalo. Usifungue jambo jipya hapo, hata likiwa tamu. Kazi ya nyumbani iwe ndogo kiasi cha kuchekwa: robo saa ya kutembea baada ya alasiri mara mbili kwa wiki, wawili ambao huwa hawatembei pamoja, au zamu ya kumwagilia mrehani, mtoto akipanga zamu. Kikao kinachofuata kirudi ofisini. Nje na ndani zipishane, ili yaliyoonekana nje yapate kuzungumzwa yote mlango ukiwa umefungwa.

Mambo yakienda kombo

*Kijana hataki, kashika simu.* Usimnyang'anye. Mpe kazi ya simu hiyo hiyo: apime muda wa jozi, au aangalie jedwali la maji. Akikataa kabisa, akae ukingoni mwa mkeka. Anasikia yote.

*Mtu amekasirika, ameondoka.* Hili lipangwe hatua ya 5: anayeondoka anakwenda mpaka mahali fulani panapoonekana, na anarudi mwenyewe. Wewe baki na waliobaki. Ukimfuata, watoto wanabaki na bahari peke yao.

*Mtu analia na watu wanapita.* Geuza mkeka aelekee majini au ukutani, mama au dada amkalie ubavuni, punguza sauti. Usimkimbize kwenye tuktuk. Akitulia, aamue yeye kama mnaendelea.

*Mtoto amekanyaga kitu chenye miiba majini.* Toa inayotoka kwa urahisi, tumbukiza mguu kwenye maji ya moto kiasi anachoweza kuvumilia, kisha zahanati. Maji ya moto hupatikana kibanda chochote cha chai.

*Mvua.* Nenda mahali pa pili mara moja. Familia iliyolowa hujadili nguo tu.

*"Hii ndiyo tiba tuliyolipia?"* Swali la haki, na mara nyingi hutoka kwa anayelipa. Mwonyeshe lengo mliloandika pamoja ofisini, mwambie ulichokiona kinachohusu lengo hilo, kisha umuulize yeye ameona nini. Kama wewe mwenyewe hukuona kitu, sema hivyo, na mrudi ndani wiki ijayo.

*Baba hakuja.* Fanya kikao na waliokuja, ila usifanye ramani ya mchanga siku hiyo, kwani kombe lake litagombaniwa na hayupo kulitetea. Tembeeni. Na jioni ile ile mpigie wewe, kabla hajasimuliwa na wengine.